Mtego wa Mama Ubaoni

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya kabati lako.

Unaukumbuka mtego wa Mama darasani: kosa moja kila kipindi, na atakayeligundua hupewa chaki alisahihishe. Leo nilimpelekea miwani aliyoisahau. Aliandika ubaoni kwamba logi ya x katika kizio cha 2 ni 5, akaigeuza vizuri kabisa: x ni 2 kwa kipeo cha 5. Halafu akaandika 10.

"Thelathini na mbili!" darasa zima likapiga kelele. "Lete chaki, Mwalimu!"

Mama akaikodolea macho ile kumi, kisha akanigeukia.

"Nani kaandika hii?"

Wanafunzi wakacheka. Usinijibu tena kwamba ni uchovu. Chaki ilikuwa mkononi mwake, Kaka. Njoo.

Mdogo wako