Kadi za Sylvesta

Divine, acha mboga kwanza, usome! Wifi Kezia ameyakoroga.

Alikuwa anaipiga brashi meza ya kamari ya kaka Sylvesta, ile ya kitambaa cha kijani kisichotakiwa kuguswa na maji. Mara hodi, katekista! Yuleyule aliyeapa mtoto wa mcheza kamari hatabatizwa Jumapili.

Akaitazama meza. "Kijani kama cha altare! Mmetenga mahali pa sala?"

Kezia akasema, "Ndiyo, baba." NDIYO, Divine! Na mshumaa akauweka juu.

Kaka huko uani akapaza sauti, "Kezia, kadi zangu umeweka wapi?"

"Kadi za zaka, baba," Kezia akamwahi katekista.

"Safi. Zilete nizitie sahihi."

Sasa mimi na Kezia tuko jikoni. Kamshika malkia wa kopa, ananiuliza sahihi itaenea wapi.