Kasiani Anatakiwa Mkonge

Kinole, Juni 1975

Kaka Anselmi, shikamoo. Sisi wazima, na mananasi mwaka huu yamezaa mpaka tunagawa.

Mpwao Kasiani anacheza mpira ambao huko Dumila hamjauona. Jumapili alifunga mawili, padri mwenyewe akapanda juu ya benchi! Sasa kamati ya timu ya kijiji inataka kumtoa yeye na kijana mwenzake kwa timu ya shamba la mkonge, ili tupewe Gaudensi, yule mkongwe aliyechezea mkoa. Mwenyekiti ananiambia, "Mama, tunataka kushinda mwaka huu. Hawa watoto bado."

Nikamjibu, "Ndugu Mwenyekiti, huyo Gaudensi ana wajukuu! Na mtoto wa ukoo wetu hatolewi mpaka mjomba wake aseme."

Kamati yote ni Waluguru, wanajua. Wanangoja neno lako.

Ila kaka, jambo moja sikuwaambia. Kasiani mwenyewe anataka kwenda. Kule watampa kazi na viatu vya mpira, na hapa anacheza pekupeku. Mimi moyo wangu unataka ukatae, nibaki naye.

Wewe kubali.

Ni mimi dada yako, mama wa mfungaji,
Veronika