Soksi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Nimeamka, nimewasha jiko, nimebandika chai. Mke wangu Kalondu yuko chumbani kwa mamake, anamvisha ile soksi ya kubana. Lazima avishwe kabla hajashuka kitandani, mguu ukiwa haujajaa. Mimi chumba hicho sikikanyagi. Mama mkwe kulala kwa mkwe wake si kawaida kwetu Wakamba, lakini damu iliganda ndani ya mguu wake wa kushoto, na kwake Kyuso ni mbali. Basi yuko hapa Kitui mjini, kwetu. Ananisalimu "Baba Mwikali" kupitia ukutani, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. Namjibu kupitia ukutani. Ndiyo nthoni, heshima ya wakwe.

Nimeshona sare za shule barazani kutwa.

Jumatano, 4 Juni
Simu kutoka Kibwezi. Dada yake Kalondu amejifungua kwa upasuaji, hali si nzuri, na hana mtu. Kalondu ameondoka asubuhi. Ameniachia maagizo. Dawa ya kuzuia damu kuganda baada ya chakula cha jioni, bila kuruka. Mguu uinuliwe juu ya mito. Atembee kidogo uani, asikae kitini kutwa. Soksi atamvisha jirani yetu, Mama Mumo.

Nimebaki na mama mkwe peke yetu. Sikupenda.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Mumo alichelewa, alikuwa akipeleka maziwa. Mama mkwe alikuwa ameshaamka na kuketi, mguu umejaa. Soksi ilikataa kupita kisigino. Waling'ang'ana nayo, nikasikia mama mkwe akilia. Wakaiacha.

Jioni niliweka kidonge na kikombe cha maji kizingitini, nikageuka.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Mumo hakuja. Amefiwa, ameenda matangani. Mama mkwe kitini tangu asubuhi. Nilimwambia kupitia ukutani ainue mguu. Alisema sawa. Hakuinua. Nilisikia mito ikiteleza na kuanguka, na hawezi kuinama kuirekebisha.

Mchana alikuja Mama Syombua wa kanisa lao, na chupa ya mafuta. Nikamsikia akisema atauchua mguu mpaka damu itembee. Daktari alikataza. Donge likichomoka linaweza kwenda mapafuni. Nikaingia. Macho niliyaweka dirishani.

"Mama, usiuchue huo mguu."

"Mkwe gani huyu anayezungumzia mguu wa mama mkwe wake?"

"Usiuchue. Tafadhali."

Ameondoka na mafuta yake bila kuaga. Nimeona aibu. Lakini akirudi kesho nitaingia tena.

Jumamosi, 7 Juni
Mguu umezidi. Leo niliuangalia. Ngozi imevutika, inang'aa. Mama hawezi kuukanyaga. Nilimpigia Kalondu. Dada yake bado yuko wodini. Alilia, kisha akasema, "Mpeleke hospitali. Na soksi utamvisha wewe. Tukimzika, hiyo heshima utampa nani?"

Tulienda kwa Probox ya jirani, mama amenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa naogopa. Daktari alimuuliza kama kifua kinauma, kama anapumua vizuri. Kifua kizima. Wakaupiga mguu picha. Donge halijakua. Uvimbe umeletwa na kukaa mguu chini, bila soksi. Muuguzi alimlaza, akauinua mguu mpaka ukapungua. Akaniita nijifunze kuvisha. Nilibaki mlangoni.

"Wewe ni mtoto wake?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, akiangalia dari.

"Ni mkwe wangu. Mfundishe tu."

Jumapili, 8 Juni
Hatukwenda kanisani. Nilibisha hodi mapema. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, mguu uko nje ya blanketi.

Niligeuza soksi nje ndani mpaka kisigino, kama nilivyoonyeshwa. Vidole kwanza. Kisha kisigino. Kisha juu polepole hadi chini ya goti. Mkunjo mmoja ulibaki kwenye kifundo, nikaunyoosha kwa kiganja, maana mkunjo unabana vibaya. Kitambaa nakijua. Mguu wa mama mkwe siujui. Ulikuwa na joto, na mwepesi kuliko nilivyodhani.

Kisha nikaupandisha juu ya mito. Nilipofika mlangoni nilisikia sauti kutoka chini ya leso.

"Haijauma, Baba Mwikali."

Jumatatu, 9 Juni
Nimemvisha. Ametembea uani. Dawa amemeza. Mama Syombua amepita barabarani, hakunisalimu.

Jumatano, 11 Juni
Kalondu alirudi jana jioni. Dada yake ametoka hospitali na mtoto wake, wote wazima.

Asubuhi hii Kalondu alichukua soksi akamvishe mamake. Mama akamwambia akalale, amechoka na safari. Kisha akaniita. Nikaenda.

Baadaye yeye na Kalondu walitembea hadi langoni na kurudi, polepole, wakizungumza habari za mtoto mchanga. Uvimbe umeshuka. Mfupa wa kifundo umeanza kuonekana.