Miche ya Njano ya Baba Yako

Yakobi,
Njombe.
20 Julai, 2025.

Mpendwa mwanangu Hosiana,

Kamwene! Hujambo huko Ujerumani? Kile kifua kimepona? Unapata chakula cha kushiba, au bado ni mikate asubuhi hadi jioni? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Ninakuandikia nimejifunika blanketi kama mgonjwa, na kikombe cha chai kiko pembeni.

Mguu wa baba yako umepona vizuri tangu alipotoka hospitali ya Ilembula. Fimbo anaibeba kwa heshima tu.

Lakini hapa katikati alitutia wasiwasi, na kwenye simu nilikuficha. Unakijua kinyungu chake, kile kibustani cha kule bondeni. Tangu mama yako afariki, hicho ndicho kinachomtoa kitandani asubuhi. Alipopata nafuu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kusia kabichi. Kwa kuwa mwaka jana jalidi, ile barafu ya alfajiri, iliunguza miche yote, akasema nyasi hazitoshi. Akaagiza nailoni nyeusi kutoka Makambako, akakifunika kitalu gubigubi, na akatukataza kukifunua hata mbegu zilipokwisha kuota. Unamjua kaka yangu Nathanieli, akishaamua hata askofu hamgeuzi.

Siku alipofunua mwenyewe, akakuta miche mirefu, myembamba, ya njano iliyopauka. Akasema udongo umeingia ugonjwa. Hakula siku hiyo. Kesho yake akampigia simu kaka yako Davis aje amchukue, akakae naye Makambako amlindie duka, maana mikono yake imekwisha kazi. Nililia, Hosiana. Nathanieli akae kwenye stuli kutwa nzima anauza vocha na betri! Nilijua tungemzika mapema.

Nilikuwa nachambua maharage nikakumbuka Krismasi ile uliponieleza unachosomea huko, nami nikawa naitikia tu ili nikuridhishe. Miaka yote nimefundisha darasa la sita kwamba jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, basi, andikeni. Wewe ukaniambia kwamba ndani ya seli za jani kuna vijumba, yaani kloroplasti, na kila kijumba kina vinasaba vyake vichache, lakini hakijiamulii mambo. Mwanga ukifika, kiini cha seli ndicho kinachotuma protini za kwenda kuwasha vinasaba vya mle ndani. Navyo vijumba hurudisha taarifa kwenye kiini kama mambo hayaendi sawa. Gizani vijumba vipo, ila havijakamilika, na jani hubaki la njano. Niliacha maharage nikashuka bondeni na ndala zangu.

Nilimkuta ameshika jembe, anataka kuing'oa yote aichome.

"Kaka, miche hii haiumwi," nikamwambia. "Haijapata habari tu kwamba kumekucha."

"Esnath, hayo kawafundishe watoto wa shule."

"Si maneno yangu. Ni ya Hosiana."

Akaliegemeza jembe.

Tukaitengenezea kichanja cha nyasi, ipate jua la asubuhi kwanza, na jioni tukawa tunaifunika kwa ajili ya jalidi. Siwezi kukudanganya, iliyorefuka sana ililala ikafa. Iliyobaki ilianza kushika ukijani kesho yake tu, na baba yako ikawa kila ukimtafuta yuko bondeni, hata chakula tunampelekea huko.

Davis alipofika na gari, kitanda cha mzee kimeshatandikwa kule Makambako, alimkuta anamwagilia, suruali imekunjwa hadi magotini. Badala ya baba akapakiziwa magunia ya viazi, akarudi zake anacheka.

Habari nyingine ni kwamba kwaya yetu imeshona sare mpya za zambarau. Mimi hazinipendezi hata kidogo, lakini nani ananiuliza?

Davis na mkewe Idda wanakusalimu sana. Bibi Telesia naye anakusalimu, na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Nilikuwa nafunga bahasha baba yako akaingia. Unajua kwamba tangu uanze masomo hayo hajawahi kuuliza unasoma nini hasa. Watu wakimuuliza hujibu kwamba ni mambo ya shule, basi. Leo amekaa hapa, amezungusha kofia mikononi, mwisho akanituma nikuulize hivi: mche hauna macho, sasa unajuaje kwamba mwanga umefika? Nikaanza kumweleza. Akanikatiza. Anasema jibu usiniletee mimi, umwandikie yeye, kwa jina lake, na uandike kwa herufi kubwa kubwa ili asimwombe mtu kumsomea.

Bwana akutunze, mwanangu, akupe afya na akili tulivu.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Esnath