Samaki wa Jumatatu

Majalaya, 4 Machi

Abah, baba yangu mpendwa,

Asalamu alaikum. Mimi mzima, ila usingizi sina, zamu zimefuatana. Lilis bado anakohoa? Mwambie mama yake anamkumbuka.

Kang Ujo dereva ameshusha samaki wako wekundu. Wako kwenye kidimbwi cha wageni, bomba la kiwanda linapotokea mtoni. Mafundi wetu wamebuni mtambo unaoondoa majini rangi zote za vitambaa. Wageni wakiona samaki wanaogelea, wanapiga makofi. Kampuni imepewa tuzo. Mimi ndiye ninayewalisha.

Mwanao, Nining

Rancajati, 11 Machi

Neng,

Waalaikum salaam, binti yangu. Tuko salama, goti tu linanikumbusha umri. Kikohozi cha Lilis kimekwisha, sasa anaimba mpaka kuku wanakimbia.

Barua yako niliisoma msikitini. Jirani yetu Mang Oyo akanitania, "Samaki wa Abah Karta wanakaa mjini, sisi je?" Wakauliza kama mto sasa ni salama. Nikajibu: samaki wangu wanaishi humo. Tumefungua ule mfereji wa mtoni tuliouziba zamani maji yalipochafuka. Mabwawa yote yamejaa. Lilis hatoki majini.

Abah

Majalaya, 12 Machi

Abah,

Salamu, lakini leo sitazirefusha. Funga mfereji. Mtoe Lilis majini.

Hukuuliza kwa nini wanaagiza samaki kila Jumatatu. Wanakufa, Abah. Alhamisi wamekwisha. Mimi ndiye ninayewaopoa. Mafundi wale wamehamishwa, kipuri hakijanunuliwa, mtambo unawashwa siku ya wageni tu. Nilijua miezi miwili nikanyamaza, nikihofia kazi.

Ruhusa ya kuja nimenyimwa. Simu ya Mang Oyo haiiti. Barua hii atakuletea Kang Ujo, naye haji huko kabla ya Jumatatu.

Nining

Rancajati, 18 Machi

Neng,

Barua imefika leo. Mfereji tuliufunga Ijumaa, samaki walipoelea, wangu na wa wenzangu. Lilis ana vidonda miguuni, analia akiguswa. Kliniki wamempa dawa.

Mang Oyo amenisalimia kama kila siku. Hilo ndilo linaloniuma.

Samaki wa kumpa Kang Ujo sina.

Abah

Majalaya, 25 Machi

Abah,

Goti linaendeleaje? Nimewaambia wageni yote, palepale kidimbwini. Kazi imekwisha. Jumamosi nakuja kumwosha Lilis vidonda kwa mikono yangu. Kwa Mang Oyo nitakwenda mwenyewe, usiniombee radhi.

Asubuhi Kang Ujo ameshusha samaki weusi, wa kijiji kingine. Nimempa barua mbili. Ya pili ni ya mwenye samaki hao, jina lake silijui. Nimeanza tu: Abah, asalamu alaikum, wajukuu hawajambo?

Nining