Jina Lako Chini ya Sahani

Kitengela,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Sheila,

Mulembe kwako na kwa wote walio chini ya paa hilo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua tangu Ezra alipoanza kukuchotea maji. Mama yangu anaendeleaje? Nimesikia siku hizi anashika kikombe mwenyewe na kugombana na kuku akiwa mlangoni. Kama anagombana, basi amepona nusu. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nitafute kalamu.

Najua utacheka. Mtu ana simu mfukoni na anaandika barua kama babu yake. Lakini simu zetu unazijua. Nikipiga, unaweka spika ili Mama asikie. Mama anauliza, "Ni nani huyo?" Ezra anajibu, mkewe Phanice anajibu, mtoto wao ananiomba baiskeli, na mimi nabaki kusema kazi ni nzuri na mvua haijanyesha. Kuna mambo ambayo mwanamume hawezi kumwambia mkewe mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo barua hii nimeifunga ndani ya blanketi la Mama na kuituma na mzigo wa basi. Nimeandika jina lako pekee. Kama Ezra ameifungua, ndugu yangu, funga hapa hapa urudishe.

Kitengela ni ile ile. Vumbi linaingia hata ndani ya friji. Jamaa wa maji ya kisima bado anakuja siku anayotaka yeye. Nikitoka kiwandani nafungua mlango, nasema "hodi" kwa mazoea, halafu naona aibu. Bado sijajua kipimo cha ugali wa mtu mmoja, unabaki kila siku. Nakula nikiwa nimesimama kando ya sinki ili nisipanguse meza. Redio naiacha kwenye idhaa ya Kimaasai, ambayo sielewi hata neno moja kati ya matano, ili mradi kuwe na mtu anayeongea. Nina upweke, Mama Sheila. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta.

Mara ya mwisho nilipokuuliza utarudi lini, ulisema, "Nirudi nilale wapi? Sheila anasema upande wangu wa kitanda kuna kiti cha meli." Mlicheka wote, hata Mama nilimsikia. Mimi pia nilicheka. Kisha nikakata simu na nikakaa nikikitazama kile kiti mpaka chai ikapoa.

Acha nikueleze kilivyofika hapo, maana binti yetu alikuja siku mbili tu kutoka chuoni, akaona kiti, akakimbia kukupasha habari. Unamkumbuka Saitoti, dereva wetu anayekwenda Magadi kuleta magadi ya kutengenezea chupa? Yeye ndiye aliyeniambia kwamba huko kwenye nyumba za kampuni kuna mjane mmoja anayekalia kiti cha mbao cha kukunja, na nyuma yake kuna kibati cha shaba chenye jina la meli. Nikamuuliza jina gani. Akasema hajui kusoma kibati huku akisalimia watu. Nikaomba ruhusa ya siku moja nikapanda naye lori.

Joto la kule ni la kupikia. Mjane mwenyewe tulimkuta barazani amejinyoosha kwenye kiti changu, maana nilipokiona tu nilishakihesabu kuwa changu. Saitoti akamsalimia, "Takwenya, yeyo," akaitikia, "Iko," bila kuinuka. Nikazunguka nyuma kama mwizi. Belmora! Meli ile ile ya sahani zetu za kabatini, ile iliyokuwa inaleta watu Mombasa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Inaonekana mzungu fulani wa kampuni aliondoka nacho melini, akakiacha Magadi, na marehemu mume wa huyo mama alikuwa mpishi wake.

"Hii kiti imezeeka, unapeleka wapi?" akaniuliza.

"Naiweka tu kwa nyumba, mama."

"Na wewe hauna kiti?"

"Niko nazo."

Akamgeukia Saitoti wakaongea Kimaasai kwa muda mrefu, wakacheka, na sikutafsiriwa. Mwishowe akasema nimletee kiti kipya cha plastiki chenye mikono, cha rangi ya kijani, ndipo tubadilishane. Nilikipata dukani pale pale. Alikikalia, akakitingisha, akaniambia kwa huruma nyingi, "Mungu akusaidie." Nadhani alimaanisha kichwa.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini vitu vya meli, mtu wa Kakamega aliyeona bahari mara mbili tu na mara zote mbili akaogopa kulowa. Sijawahi kukupa jibu zuri. Lilianza na lile sanduku nililolinunua Kimuka, kwa familia ya mpishi mwingine wa zamani wa wazungu. Lina lebo ya meli, namba ya kabini, na jina la mwenyewe kwa wino. Mtu alikuwa ameingiza maisha yake yote humo ndani, akafunga, akaaga, akadhani atarudi. Mimi nilikuja Nairobi na mfuko mmoja wa sukari ulioshonwa juu. Nikaona huyo mtu namfahamu. Tangu hapo, kila nikipata ufunguo wa kabini, au kijiko, au kadi ya chakula cha jioni, nahisi nimempata mwingine wa kukaa naye. Vitu hivyo vimenipa wenzi, watu waliokwisha kufa, na kwa muda niliona inatosha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Utakuwa umesikia kwamba Baba Kimani, yule fundi wa mageti wa ploti ya pili, ametutoka. Siku moja kabla ya kumpeleka kwao Nyeri kulikuwa na ibada ya mwisho nyumbani kwake. Nilikuwa nimerudi mapema, nimekaa sebuleni, nikasikia geti linagongwa. Ni Mama Wanjiku na akina mama wengine wa mtaa, wamejifunga leso kiunoni.

"Baba Sheila, pole na kazi. Tumekujia sahani."

"Sahani gani?"

"Hizo za bluu ziko kwa kabati. Za watu wa tenti hazitoshi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Hizo si za kulia chakula, Mama Wanjiku. Hizo ni za meli."

"Za nini?"

"Meli. Za zamani sana. Ni za kuangalia."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa. "Sasa Baba Sheila, si hizo ndizo tumekula nazo miaka yote? Harusi ya Shiru, hizo. Mazishi ya shosho, nyanyake Brayo, hizo hizo. Mama Sheila alikuwa anatupatia wewe ukiwa kazi, na hakuna hata moja ilipotea. Ziko na alama yake."

Nikafungua kabati. Unajua tangu nilipozinunua lile duka la zamani la Kajiado lilipofungwa, nilikuwa nazitazama uso tu kupitia kioo, na mwenye kuzipangusa ni wewe. Nikageuza moja. Pale penye mhuri wa kiwanda, nanga na bendera ya Belmora, kitu ambacho mkusanyaji anakitafuta kabla ya kutazama ua lolote, umeandika kwa rangi nyekundu ya kucha: M.S. Nikageuza ya pili. M.S. Zote kumi na mbili. Kwenye moja, mguu wa M umepita katikati ya nanga.

Nilikasirika, nisikudanganye. Kama ungekuwa karibu tungegombana mpaka majirani wazime redio. Miaka yote hiyo napiga kelele watoto wasikimbie karibu na kabati, kumbe sahani zinazunguka mtaa mzima zimebeba kabichi! Lakini Mama Wanjiku alikuwa amesimama amenyoosha mikono, na mkewe Baba Kimani alikuwa analia nyumba ya pili. Ungefanya nini? Nikazitoa moja moja. Mama Wanjiku akasema, "Usijali, tutaosha polepole," akaziweka ndani ya karai.

Nilizifuata. Nitasema nilikwenda kumwombea marehemu, na nilimwombea, lakini jicho moja lilikuwa kwenye karai. Ibada ikaisha, watu wakapanga mstari, na sahani za daraja la kwanza za Belmora zikaanza kupakuliwa mukimo wa viazi na mahindi. Nina kadi ya chakula ya meli ile, Mama Sheila. Walikuwa wanakula bata wa kuchoma, na barafu tamu ya ndimu baadaye. Mzee mmoja alikwangua mchuzi na kijiko mpaka nikafumba macho. Halafu mtu akaniwekea yangu mkononi, imejaa wali, minji na vipande viwili vya nyama, na jamaa wa kushoto akasogea nikakaa.

Nikala. Nilikula nimeketi, nikiwa na watu huku na huku, mmoja akiniuliza habari za kiwanda, mwingine akilalamika chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza kula kwenye sahani hizo tangu nizinunue. Chakula kilikuwa kitamu, na nilitaka kulia, na nikalia kidogo. Wakadhani ni kwa ajili ya Baba Kimani. Nayo pia ilikuwa kwa ajili yake.

Baada ya kula, unajua ilivyo, watu wanabebeana chakula kwenda nacho nyumbani. Sahani zikatawanyika. Usiku sikupata usingizi. Lakini kesho yake geti likagongwa, ni mtoto wa Brayo ameshika sahani yenye parachichi tatu. "Mama amesema nimpatie Mama Sheila." Nikasema hayupo. Akaniuliza, "Ako wapi?" Baada yake akaja mwingine na mayai. Mwingine na ndizi. Wiki nzima. Kila mmoja aligeuza sahani kwake, akaona herufi zako, akajua pa kuleta, na hakuna aliyerudisha tupu. Nyumba yetu haijabishiwa hodi hivyo tangu uondoke. Nilisikia jina lako kwenye geti hilo mara nyingi kuliko nilivyolisikia mwaka mzima, na kila mara nilijibu, "Yuko nyumbani, anamtunza mama yangu," na kila mara ilikuwa ngumu zaidi kusema. Nina parachichi za kuoza, na sina wa kumkatia nusu.

Ya mwisho iko kwa Mama Nyambura, yule mama mzee wa mboga ploti ya nyuma. Alikuja mikono mitupu.

"Sahani yenu iko kwangu," akasema.

"Asante mama, nitapitia kuichukua."

"Sikupatii wewe. Ni jina lake limeandikwa, nitampatia yeye kwa mkono. Anarudi lini?"

Mama Sheila, mdomo ulijibu kabla ya kichwa. Nikasema, "Mwezi wa nane."

"Haya. Mwezi wa nane nitaileta. Nitaweka na kitu juu."

Nimefikiria sana baada ya hapo. Ulikwenda kwa sababu Mama alianguka na hapakuwa na mtu, na sitasahau hilo hata nikiwa kaburini. Sasa Phanice yuko pale, na Mama mwenyewe amemwambia Ezra, "Mwacheni aende kwa nyumba yake." Kwa hiyo kinachobaki ni wewe. Sijui kama unataka kurudi. Nakusikia kwenye simu ukicheka na watu, una kuku, una shamba la viazi, una kanisa lako la zamani, na mimi hapa nina vumbi. Naogopa kwamba umepazoea, na kwamba ulipouliza utalala wapi hukuwa unatania. Kama ndivyo, niandikie. Usiniambie kwenye spika.

Kiti nimekitoa nje, kiko kibarazani, na Saitoti anakikalia akija. Sanduku nimelipeleka chumba cha Sheila. Upande wako wa kitanda hauna kitu chochote, nimetandika hata shuka lile la zambarau. Rangi ya kucha sijaikwangua, ingawa najua dawa yake. Sahani nimezirudisha kabatini zikiwa zimegeuzwa, mgongo ndio unaotazama sebule. Saitoti aliniuliza kama ni mwiko wa Kiluhya.

Mpe Mama blanketi, umwambie mwanawe anamsalimu na asivue soksi. Msalimie Ezra mdogo wangu, na Phanice shemeji yangu, umwambie namshukuru kwa kubeba mzigo ambao si wake peke yake. Mtoto wao mwambie baiskeli ninaifikiria. Mzee wa kanisa, mjomba Shadrack, mwambie bado naimba besi. Sheila akipiga simu mwambie ni mchochezi, na ninampenda.

Mtaa mzima sasa unajua ni mwezi wa nane. Akina mama wananipa salamu zako nikitoka kazini. Nakuomba, mke wangu, usinifanye muongo.

Mumeo,
Baba Sheila