Samaki ya Baba Mado Ilirudi mu Maji

Nchelenge, Jumamosi

Mama yangu,

Nakusalimia mu jina la Bwana, wewe na bote mu nyumba. Magoti yako yanaendelea namna gani na hii baridi? Na ule mulango wa jikoni, kaka alishautengeneza ao angali anasema kesho? Sisi huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Mwili wangu hauna ugonjwa. Ni kichwa ndicho kimechoka, na mwenye kukichokesha unamujua, ni bwana yangu.

Tangu tulipata ruhusa ya kutoka mu kambi ya bakimbizi ya Mantapala na kukaa hapa karibu na ziwa, nilifikiri Baba Mado atarudilia kazi ya nyavu. Mama, ameingia klabu. Ni klabu ya batu wanaovua kwa kujifurahisha tu. Mukubwa wao ni ba Chanda, muzee mwenye pension ya mugodi, kisha kuna muzungu mumoja mwalimu, na bengine wenye makofia. Chambo hawatumii. Banafunga manyoya na uzi juu ya ndoano mupaka inafanana na inzi, banarusha kamba huku na huku juu ya kichwa, na bakikamata samaki banaipiga foto, banaiambia merci, banairudisha mu maji. Alafu banakaa chini, banakunywa chai na mandazi, banabishana ya nani ilikuwa munene.

Na huyu ni mutu aliyetulisha kwa nyavu miaka yote kule Pweto. Siku zingine anarusha kamba mu lupango, mbele ya nyumba, anajifunza kuangusha inzi yake mu beseni yangu ya kufulia. Majirani banasimama kuangalia. Mumoja aliniuliza polepole kama tulishamupeleka kwa batu ya kumuombea. Na jogoo langu, Mama, shingo iko wazi, manyoya yote yamekwenda klabu. Nikisema, ananijibu: "Yataota. Balinichagua mimi fundi wa inzi." Fundi wa inzi, na nyumbani inzi zinatujaa bila fundi.

Bon, hayo nilivumilia. Sikia sasa ile imenimaliza.

Unajua Mado, mujukuu wako, ameposwa na Mulenga, kijana muvuvi wa hapa. Kwa Babemba, mbele ya ndoa, nyumba ya binti inapika vyakula vyake vyote, bamama banavipeleka kwa mukwe na nyimbo, banavifunua kimoja kimoja. Banasema ni kumuonyesha moto. Mbele ya siku ile hawezi kula kwako, na mimi mukwe hanisemeshi. Na chakula ambacho hakuonyeshwa, hatakigusa kwako hata akute sufuria imejaa. Basi shangazi yake akatuma neno: "Mutoto wetu ni wa ziwa. Bakimbizi bakileta sufuria bila samaki, tutajua kama hawamutaki, na tutamutafutia kwengine." Mado alilia mupaka macho yakavimba. Anamupenda ule kijana, Mama, si mchezo.

Nilitaka kwenda sokoni. Baba Mado akakatala: "Muke ya muvuvi anunue samaki ya kuonyesha mukwe? Nitaivua mwenyewe Jumamosi, na klabu." Hata ba Chanda akamupa ruhusa mbele ya bote, kwamba siku ile samaki ya mukwe haitarudishwa.

Magaribi akarudi anacheka, mikono mitupu. Nikamuuliza samaki iko wapi. Akatoa telefone. "Ona, Mama Mado. Makobo munene hivi ulishaona wapi?" Kweli, ilikuwa makobo munono, imeshikwa kwa mikono mibili. "Na yenyewe?" Akaangalia mikono yake. "Balipiga makofi bote," akasema. "Kisha mikono ikairudisha. Nilikumbuka ikiisha kwenda."

Nilikaa chini. Hata nguvu ya kumutukana sikuwa nayo. Vyakula vilikuwa vya kupeleka kesho yake, na Jumapili soko ya samaki haina kitu.

Asubuhi niko nyuma ya jikoni nachochea moto, nikasikia mutu upande wa pili wa ukuta wa majani. Ni Mulenga, habari ya klabu ilishamufikia kwa ziwa. Mimi haniongeleshi, desturi inamukataza. Alikuwa anaongea na mbuzi yetu: "Weye mbuzi, uambie ba mayo, mama ya Mado, kama naacha makobo mbili hapa. Baba ndiye alizivua. Mimi sikufika." Nikasikia baiskeli inaenda. Samaki zilikuwa mu majani, mbichi, na alama ya nyavu ingali shingoni.

Tukapika, tukapeleka. Bakafunua kuku, sombe, maharagi, bakafika kwa samaki. Shangazi akaridhika. Ndipo Baba Mado, mutu niliyemuonya afunge kinywa, akatoa telefone kuonyesha namna aliivua. Nilitamani udongo unimeze. Shangazi akaangalia foto, akaangalia sufuria. "Mbona imekuwa kidogo?"

Mulenga, kichwa chini, akasema: "Samaki inapunguka kwa moto, shangazi." Bazee bakacheka, maneno yakaishia pale.

Ndoa itakuwa kisha mavuno. Bwana yangu nilimufokea mupaka sauti ikakauka. Anakubali kila neno, kisha anakwenda kunoa ndoano. Leo tena yuko kwa ziwa na bale bandugu zake ba makofia. Mimi nimechoka naye, nakuambia kweli.

Salimia kaka mukubwa na mulango wake, na shangazi wa kwaya ya kanisa, na mudogo wangu wa cherehani, umwambie kitenge kilifika. Baba Mado anakusalimia, ingawa hastahili.

Mama, siku tulivuka maji ulishika mukono ya Mado, ukalia, ukasema kwa bageni atakosa mutu wa kwake. Jana Mulenga alipita hapa toka kazini. Akaketi juu ya mukeka, akaniangalia, akasema: "Mama, nina njaa." Nikamupakulia bugali, nikarudi jikoni, nikalia.

Ni mimi, mutoto wako,
Mama Mado